Rita Hakuita Polisi

Nianze na aibu yenyewe, mkishaijua hiyo mengine yatakuwa mepesi. Mimi nadhani ndiye mtu pekee Etobicoke nzima, hapa Toronto, aliyewahi kukoroma akiwa maiti. Siyo nyumbani kitandani, hapana. Mbele za watu, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, Jumapili mchana. Nimelala chali juu ya blanketi, nyanya ya kopo imepakwa kifuani ndiyo damu, nimeuawa muda mfupi uliopita, na mke wangu wa kwenye mchezo amepiga magoti ananiombea. Nikakoroma. Na siyo kakoromo ka kuficha. Waliokaa nyuma walidhani hita imeharibika.

Aliyenipa kazi hiyo ya umaiti ni Mama Mlezi wa jumuiya yetu ya sala, na ndiye ninayetaka kumsema hapa. Ndiyo, kumsema. Jina lake silitaji, wapo wanaompenda mpaka leo na wanajua ninapokaa. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui. Hakuwa mtu wa kuulizwa. Yeye ndiye alikuwa anauliza.

Sisi Wakatoliki wa Kiswahili tuliopanga kwenye yale maghorofa tulikuwa na jumuiya, kama za nyumbani. Leo tunasali kwako, wiki ijayo kwangu. Rozari, neno, halafu chai na maandazi. Kila jumuiya ina somo wake, yaani mtakatifu wa kuiombea, na siku yake ikifika mnafanya sherehe. Somo wetu alikuwa Mtakatifu Rita wa Kashia, mwanamke wa Italia wa zamani sana, enzi za koo kuviziana na visu. Tulimchagua kwa kura. Kura alizihesabu Mama Mlezi, huku amezikalia.

Kisa cha Rita nimekisikia mara nyingi kuliko kisa cha Yesu. Aliolewa na mwanamume mkali, mpigaji. Akavumilia. Akavumilia mpaka mwanamume akalainika. Halafu mwanamume akauawa na maadui zake, na watoto wao wawili wa kiume wakataka kulipiza. Rita akamwomba Mungu awachukue kabla hawajaua mtu, na Mungu akawachukua. Mimi hapo ndipo nilipoamua huyu mtakatifu namheshimu lakini asiniombee chochote. Baadaye akaingia utawani, wakampa kijiti kikavu akimwagilie maji kila siku, kikachipua. Mwiba wa taji ya Bwana ukamchoma kwenye paji la uso, kidonda kikanuka mpaka wenzake wakamtenga. Alipokuwa anakaribia kufa, theluji imejaa nje, akaomba waridi na tini kutoka bustani ya kwao. Vikapatikana.

Hivyo ndivyo Mama Mlezi alivyokuwa anakisimulia, na kila alipofika kwenye "akavumilia" alikuwa anatulia kidogo na kutazama wanawake wa chumba kile mmoja mmoja. Wanaume hakututazama. Sisi alikuwa anatuachia maandazi.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya mtu anayeita mtoto aliye ng'ambo ya barabara. Zamu ya kusali ikiwa kwako, alikuwa anafika mapema kabla hujavaa suruali. Anaingia jikoni moja kwa moja. Anafungua friji, anafungua sufuria, anaonja, anasema "Hmm." Hiyo "hmm" imevunja uchumba wa watu. Halafu anakalia kiti chenye mikono, na kama nyumba yako haina kiti chenye mikono utasikia habari zako kwenye sala ya waamini.

Aliwahi kurudisha chai ya mke wa mtu mara tatu kwa sababu imepoa. Mara ya tatu akasema, "Mwanangu, subira ni zawadi, naona wewe hukupewa." Yule dada amesimama na birika, jasho linamtoka. Mimi nikasema, "Mama, labda Mtakatifu Rita naye alikunywa ya baridi." Watu wakacheka. Akanigeukia. "Wewe uliishia kidato gani?"

"Cha pili, Mama. Cha tatu nilikiona kwa mbali."

"Basi kunywa chai."

Nikanywa. Ilikuwa imepoa kweli.

Nyumbani kwake usingekuta redio wala muziki, lakini ungekuta mieleka ya kwenye televisheni. Alikuwa haikosi. Nilimpelekea mkate siku moja, nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na ile iliyopinda tunapewa. Nikamkuta amesimama katikati ya sebule na rozari shingoni, anamwelekeza jibaba lenye chupi ya kijani: "Mkanyage! Shingoni! Shingoni, mjinga wewe!" Aliponiona hata hakuona haya. Akapokea mkate, akasema, "Huyu mwekundu mwizi," akarudi kutazama.

Sasa nisimsingizie. Mwezi wa pili nilipotua Toronto, nimevaa shati la mikono mifupi kwa sababu niliambiwa ndani ya ndege kuna joto, yeye ndiye aliyekuwa kwenye mlango wa kutokea, na mfuko wa makoti. Hanijui, simjui. Alikuwa anaenda kila aliposikia kuna mtu wa kwetu anakuja. Akanivalisha koti la zambarau lenye manyoya shingoni. Baridi mbili nzima nimelivaa ndipo kijana mmoja kazini akaniuliza kama mke wangu hahitaji koti lake. Lilikuwa koti la kike. Lilikuwa na joto, siwezi kusema uongo, na likibana kiunoni linanipa umbo.

Na ukilazwa hospitali anakuja. Ukifiwa anakuja, anakaa, anaosha vyombo, anakataza watu kulia vibaya. Ukishapewa koti na mtu, halafu akakuoshea vyombo siku ya msiba, unamwambiaje kwamba asiingie chumbani kwako? Ndivyo alivyotupata. Mlangoni anakuja na wema, ukishamfungulia anahamia.

Wanawake wakiolewa alikuwa na zawadi yake: kopo la udongo lenye kijiti kikavu. Kijiti anakivunja kwenye mti wa pale uwanja wa magari, chini ya ghorofa lake. Anamkabidhi bibi harusi mbele ya watu. "Mwagilia kila asubuhi, kama Rita. Siku kikichipua utakuwa umejifunza kuwa mke." Tulikuwa tunapiga makofi, na mimi nikiwa mmojawapo. Mdogo wangu, Devota, alikimwagilia kijiti chake kwenye baraza ya ghorofa ya kumi na moja, kiangazi na baridi. Wakati wa baridi maji yanaganda juu ya kijiti, kinang'aa kama kioo. Alipomwambia Mama Mlezi kwamba hakichipui, akajibiwa, "Unamwagilia kwa mkono. Mwagilia kwa moyo."

Huyo Devota ndiye sababu ya mimi kumchukia yule mama. Alikuja Kanada baada yangu, akaolewa na jamaa wa jumuiya, fundi wa magari, mtu wa kucheka na watu, anayebeba viti vya kanisa bila kuombwa. Mimi nilimpenda yule shemeji. Nilimpenda mpaka nilipomwona dada yangu amevaa sweta la shingo ndefu mwezi wa saba, jua linatuchoma wote.

"Devota, unaumwa?"

"Kaka, nasikia baridi."

"Kwa joto hili? Hata mimi niliyezoea koti la kike nimevua."

Hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa anacheka vichekesho vyangu tangu utoto, hata vile ambavyo bado havijaisha. Akashusha shingo ya sweta kidogo, nikaona vidole vya mtu.

Wiki hiyohiyo akaja kwangu na begi. Nikampa kitanda, mimi nikalala kwenye kochi. Kesho yake Mama Mlezi akagonga, chupa ya chai mkononi, na kinamama wawili nyuma yake. Hakuniuliza kama anaweza kuingia. Akaketi pembeni ya Devota, akamshika mkono, akamimina chai, akaanza: Rita aliolewa na mwanamume mkali.

Nikasema, "Mama, huyu amevimba. Tazama."

"Uvimbe unashuka, mwanangu."

"Tuite polisi tu. Huku wanakuja."

Akanitazama kama nimetukana altare. "Rita hakuita polisi."

"Mama, Rita hakuwa na simu!"

"Hata angekuwa nayo." Halafu akamgeukia Devota, sauti imeshuka, tamu. "Marehemu mume wangu alikuwa mkali kuliko huyo wako. Nilikaa. Nilimwomba Rita kila siku. Na akawa mpole, mwanangu. Mpole kama mtoto. Nilikuwa namlisha kwa kijiko."

Devota akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Alianza kuwa mpole lini, Mama?"

"Alipopata kiharusi."

Sikumwangalia Devota, na kinamama wale wawili wakaangalia chai yao. Mama Mlezi hakuona chochote cha ajabu katika alichosema. Akaongeza sukari. Wakamaliza chupa, wakabeba begi, wakamrudisha dada yangu kwa basi. Nilibaki na vikombe. Nilikuwa na vichekesho kama ishirini vya kumwambia na vyote vilikuja baada ya lifti kushuka.

Miezi ikapita, siku ya somo ikakaribia, na Mama Mlezi akaamua mwaka ule hatutasoma maisha ya Rita, tutayaigiza. Akagawa kazi mwenyewe. Watoto watakuwa nyuki, maana Rita akiwa mchanga nyuki waliingia mdomoni mwake bila kumuuma. Watoto wetu wale Kiswahili wanakisikia lakini wanakujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo unyuki uliwafaa, nyuki hasemi lugha yoyote. Mutua, rafiki yangu Mkamba tunayefanya naye kazi kwenye mikate, akapewa uuaji kwa sababu ni mrefu. Mimi nikapewa mume. "Una sura ya ulevi," Mama Mlezi akanieleza, "hatutahitaji kukupaka."

Devota akapewa Rita.

Nilimfuata jikoni. "Mama, mpe mtu mwingine."

"Hii ni dawa yake. Akiyasema kwa mdomo wake yatamwingia." Akanigonga kifua kwa kidole. "Na wewe usilete utani wako. Hiki ni kitu kitakatifu."

Mutua aliposikia akasema, "Bana, huyu mama ananiogopesha kuliko hiyo kisu yangu." Kisu chake kilikuwa mwiko uliofungwa foili.

Siku ya siku nilitoka zamu asubuhi, nikaenda misa, nikateremka ngazi kuuawa. Shemeji alikuwa mstari wa mbele kabisa, amevaa suti, ameshika kamera ya video anampiga picha mke wake. Anatabasamu. Mbele ya watu wote nikampiga dada yangu kofi la uongo, kama tulivyofundishwa, naye akainamisha kichwa kama alivyofundishwa. Nilisikia shemeji anacheka. Kicheko kidogo tu. Hicho sikukifanyia mazoezi.

Mutua akanichoma na mwiko, nikafa vizuri, watu wakapiga makofi. Devota akapiga magoti, akaanza sala. Sala aliitunga Mama Mlezi mwenyewe, na Mama Mlezi hakuwahi kutunga sala fupi. Ilianzia Adamu. Blanketi lina joto, nimesimama usiku kucha mbele ya tanuri, sauti ya mdogo wangu inaenda na kurudi. Mnajua kilichotokea.

Kilichoniamsha ni kicheko. Baadaye niliambiwa nyuki mmoja ndiye aliyeanzisha, alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba yule maiti anapumua vibaya. Nikafungua jicho moja. Namwona Devota juu yangu, mabega yanamtetemeka, mkono mdomoni. Nikajua analia. Nikasema moyoni, mjinga mimi, hata kufa siwezi. Halafu akaondoa mkono. Anacheka! Machozi yanamtoka, anacheka kile kicheko cha utotoni ambacho sikukisikia tangu aolewe.

Nyuma ya shuka lililokuwa pazia Mama Mlezi ananong'ona kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara. "Sema! Namsamehe mume wangu! Sema!"

Devota akajifuta uso kwa nguo ya Rita. Akanitazama mimi, halafu akaniruka kwa macho, akatazama mstari wa mbele, kwenye kamera.

"Mama, huyu hajafa," akasema.

"Amekufa! Kwenye mchezo amekufa!"

"Hajafa, Mama, anakoroma. Siku akifa kweli nitamsamehe. Akiwa mzima sirudi."

Watu wakacheka tena, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Halafu wakaona anamtazama nani, na kicheko kikakauka. Akanyanyuka, akakusanya lile gauni la shuka, akapita katikati ya viti, akapanda ngazi. Mutua akanitazama. Nikamtingishia kichwa. Mutua ana gari. Akatoka nyuma yake na mwiko wake mkononi.

Shemeji akaweka kamera kwenye kiti, akafunga kifungo cha koti, akaanza kwenda. Siyo haraka. Ndipo mimi maiti nilipofufuka. Nyuki wakapiga kelele. Nikamzuia katikati ya njia, nyanya kifuani, nikampa mkono.

"Shemeji! Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri, nipishe."

"Za kazini?"

"Nzuri."

"Za nyumbani kwenu? Mama mzima? Yule mdogo wako aliyekuwa anaumwa mguu, anaendeleaje?"

Mbele ya padri, mbele ya wazee wake wa jumuiya, mtu amekushika mkono anakuuliza hali ya mama yako. Utamsukuma? Ilibidi ajibu. Nikamuuliza wajomba. Nikauliza mvua za kwao. Kila akivuta mkono nauliza shangazi. Nilipomaliza ukoo nikaanza na majirani, mpaka nikasikia gari la Mutua, lile lenye bomba bovu, linaondoka juu ya vichwa vyetu. Nikamwachia. Akaninong'oneza neno ambalo siliandiki. Mutua akampeleka Devota kwa binamu yake anayekaa mji wa Markham, na huko ndiko alikobaki. Shemeji siku hiyo hakujua hata mji.

Mama Mlezi alinikuta najifuta nyanya. "Umemfukuza Rita kwa pua yako," akasema. Akanifukuza jumuiya.

Mnaweza kudhani alichukia siku moja ikaisha. Miaka na miaka yule mama alimtafuta dada yangu. Kila siku ya jumuiya, niliambiwa, kulikuwa na nia ya kumwombea Devota arudi kwa mumewe, na shemeji anajibu "Amina" kwa sauti kuliko wote. Alipata namba yake ya simu sijui kwa nani, akawa anapiga. Devota akabadilisha namba. Mama Mlezi akanifuata sokoni, kwenye ndizi: "Rita hakubadilisha namba." Alituma kinamama. Alimwendea binamu wa Mutua kanisani kwao na kipande cha keki. Na nyuma ya kila anayetumwa kulikuwa na shemeji, anasubiri. Devota alikodi chumba cha chini ya nyumba, dirisha moja dogo usawa wa majani, na lile dirisha lilikuwa na pazia mchana na usiku.

Katikati ya hayo nikaokota kitabu cha Rita kwenye kabati la kanisa. Cha watoto, cha picha, ndicho saizi yangu. Nikakuta vitu ambavyo Mama Mlezi hakuwahi kutuambia. Kwamba Rita hakutaka kuolewa kabisa, wazazi ndio walimlazimisha. Kwamba mume alipouawa, yeye ndiye aliyezunguka kwa ndugu wa pande zote mbili kuwabishia mpaka wakaweka visu chini. Kwamba masista walimkataa akarudi, wakamkataa akarudi. Yule mwanamke alikuwa mbishi! Nilimpenda siku ile. Nikamsubiri Mama Mlezi baada ya misa, nikamwonyesha.

"Mbona hizi huzisemi, Mama?"

Akapiga jicho. "Hayo ni mambo ya waliosoma. Wewe yatakuchanganya."

"Mama, kina picha."

"Ndiyo hizo picha zitakuchanganya," akasema, akakifunga kile kitabu, akaondoka nacho.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba imeisha, watu wanatoka, mimi natafuta kofia yangu chini ya benchi. Nikasikia magurudumu. Amezeeka. Anasukuma kile kigari cha kutembelea, miguu imejaa, koti limekuwa kubwa juu yake. Nikasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa." Akanishika kifundo cha mkono. Mkono bado una nguvu zilezile. "Sikiliza. Mimi sina muda mrefu. Daktari anasema moyo. Kabla sijaenda nataka kuiona ile ndoa imesimama. Shemeji yako amebadilika. Ameacha pombe, ni mpole, amenileta mwenyewe na gari lake. Yuko hapo nje."

Nikatazama kupitia kioo cha mlango. Kweli yuko. Alikuwa anafuta kioo cha gari, taratibu, kwa mkono uleule.

"Nipe anwani tu," Mama Mlezi akasema. "Nitakwenda mimi kwanza. Nikae naye, niongee naye kama mama. Huwezi kumnyima mtu anayekufa."

Sasa mimi ninavyojulikana ni mdomo. Hakuna siri iliyowahi kulala kwangu. Yeye anajua, ndiyo maana alinifuata mimi, na nikinyamaza nikanuna, atajua hiyo siri iko karibu. Angekwenda kumbana mtu mwingine, na mtu anayekufa watu wanampa. Naona machozi yanamjaa, na ni machozi ya kweli, hilo ndilo lililokuwa baya kwake, hakuwahi kuigiza. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini.

"Mama, kwani hukusikia? Devota yuko kwa masista."

Mkono ukalegea. "Masista gani?"

"Wa ndani, wale wasiotoka. Kwebeki, mbali huko."

"Mume wake yu hai. Hawawezi kumpokea."

"Ndiyo maana hajaweka nadhiri, Mama. Anawapikia. Anaishi nao, anasali nao, mambo ya dunia ameyaacha. Simu hawana. Na wanaongea Kifaransa kitupu."

"Mji gani?"

"Mama, jina lina herufi nyingi ambazo hata wenyewe hawazitamki."

Akatazama msalaba uliofunikwa kitambaa kule mbele. Nikasema nimekwisha, ameniona. Halafu akaanza kulia, na uso wake ukafunguka wote, sijawahi kumwona hivyo.

"Rita," akasema. "Rita amempeleka mwenyewe." Akanipiga shavuni, kofi dogo la furaha. "Mlinicheka wote! Mlisema namtesa! Unaona alikofika? Ningemwacha akaenda polisi angefika huko?"

Jamani. Nilitamani kuurudisha ule uongo mdomoni. Yule mama alimrudisha dada yangu kwa basi kwenye vidole vile, na sasa nimempa ushindi, mzima, bila hata kuuhangaikia. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Sijawahi kusema neno gumu hivyo.

Nikamfungulia mlango, nikabaki pale ndani. Akasukuma kigari chake mpaka kwenye gari. Sauti yake ile hamna haja ya kuikaribia. "Yuko kwa masista!" akamwambia shemeji. "Ni wa Mungu sasa. Ukimfuata unamfuata Mungu. Umenisikia? Usinitume tena." Shemeji akasema kitu. Akamkata. "Kimya! Nifungulie mlango, nasikia baridi." Shemeji akamfungulia. Wakaondoka.

Nikampigia Devota hapohapo kwenye benchi. Nikamweleza.

"Kwa hiyo mimi ni mpishi wa masista," akasema.

"Ndiyo."

"Na ameamini?"

"Ameamini. Amemkataza mume wako kukutafuta. Atatangaza jumuiya nzima, unamjua."

Kiti kikakwaruza sakafu upande wake wa simu. Halafu akasema, "Basi leo ngoja nifungue hili pazia," na nikasikia vipete vinateleza kwenye chuma.

Usiku wake kazini nikamsimulia Mutua, tunapanga mikate kwenye trei. Nikamwambia yote, kanisa, Ijumaa Kuu, mama mgonjwa wa moyo, na mimi namwangalia usoni nadanganya kuhusu masista. Nikamwambia roho haijatulia, nahisi itabidi nikaungame.

Mutua akaendelea kupanga mikate. "Si uende tu," akasema. "Tafuta padri hajui Kiswahili. Na ukifika hapo kwa sala ya kujuta, ruka."